Etiketi ya Asali ya Muheto

Wajukuu wangu, nasikia siku hizi mnauza asali pale Mushaki, kando ya barabara, na mnagombana na watu wa serikali kwa ajili ya etiketi, zile karatasi za kwenye chupa. Mmoja wenu alisema mbele yangu kwamba hizo sheria ni za watu wa biro, wa kukaa ofisini, wasiojua nyuki. Siku ile sikumjibu kwa sababu nilikuwa ninakula. Leo mvua inanyesha, sina kazi, nitamjibu.

Nimefanya kazi ya asali toka nilipoolewa Muheto, wakati Wabelgiji bado wanatawala, hadi magoti yangu yalipokataa mlima. Nitawaambia kama ninavyokumbuka, bila kupanga.

Nianze na gundi, maana gundi ndiyo iliyonitesa zaidi. Zamani hizo hatukununua gundi. Tulipika uji mzito wa unga wa muhogo, tukapaka nyuma ya karatasi, tukabandika kwenye chupa. Inashika vizuri sana. Kasoro yake moja ni kwamba panya nao wanaipenda. Asubuhi moja, siku ambayo mkaguzi wa serikali alikuwa anatazamiwa, nilifungua ghala nikakuta chupa zote uchi. Panya walikuwa wamekula gundi pamoja na karatasi, na chupa zinang'aa kama zimetoka kuoshwa. Nilisimama pale nikilia. Mama mkwe wangu akaja nyuma yangu, akaangalia, akasema polepole kwamba hao ndio wateja wetu wa kwanza msimu huu, na hawajalalamika. Kisha akaniambia nipike gundi nyingine na nitwange pilipili ndani yake. Toka siku ile panya hawakugusa etiketi yetu. Lakini anayepaka gundi ya pilipili asijikune jicho. Hilo nilijifunza mwenyewe kabla ya saa sita mchana.

Huyo mama mkwe ndiye Mama Veronika, mama wa babu yenu Anselme. Nilipofika kwake kama bibi-arusi, alikuwa mjane wa miaka mingi. Mumewe alimwachia mizinga ya nyuki juu ya miti, na mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa bado mdogo. Kwa Wahunde, watu wa milima ile, mzinga ulikuwa kazi ya mwanaume. Mwanamke alichuja tu. Ndugu za marehemu walitaka kuichukua ile mizinga, wakisema mwanamke hapandi mti. Mama Veronika hakubishana nao. Alimwomba fundi ashushe mizinga yote, akaiweka juu ya vijiti vya panda nyuma ya nyumba, chini kabisa, karibu na migomba, mahali ambapo mtu anasimama tu na kufungua. Walipokuja kumcheka, akawaambia, "Nyuki haziulizake nani anavaa suruali."

Yeye ndiye mwalimu wangu. Alinifundisha kutoharakisha. Sega lililoiva nyuki wamelifunga wenyewe kwa nta. Lisilofungwa bado lina maji, liache. Moshi uwe mdogo na wa baridi, wa maganda makavu ya migomba, kwa sababu moshi mkali unaingia katika asali na hautoki tena. Usichemshe asali ili ichujike haraka. Iache juani katika kitambaa cha mfuko wa unga, ishuke yenyewe. Chupa ioshwe kwa maji ya moto, ipinduliwe juu ya kijiti ikauke hadi ndani, maana tone moja la maji linatosha kuifanya asali ichache.

Haya mambo nayajua kwa kinywa chake na kwa aibu yangu pia. Mwaka wangu wa kwanza nilijiona nimeshakomaa katika kazi, nikakata masega yaliyokuwa bado wazi, nikajaza chupa, nikazifunga kwa vizibo na kuvikandamiza kwa nguvu zangu zote. Zikapakiwa kwenye kamyo ya kwenda Goma, nami juu yake. Tulipoteremka kuelekea Sake, kule chini kwenye joto, kizibo cha kwanza kikaruka. Kikafuata cha pili. Abiria wakalala kifudifudi, wakifikiri tunapigwa risasi. Dereva akasimama, akazunguka kamyo yake akichunguza magurudumu. Padri mmoja aliyekuwa amekaa karibu na chupa alishuka akiwa na povu la asali hadi kwenye ndevu. Alilamba kidole, akaniambia kwamba mwanangu, hii sasa ni pombe. Mama Veronika alipopata habari alicheka kiasi cha kujishika kwenye nguzo ya nyumba. Hakunigombeza. Alisema barabara imeshanigombeza.

Sasa tufike kwenye sheria.

Kabla ya hapo kila mtu aliuza asali alivyotaka. Wengine katika kibuyu, wengine katika majani ya mgomba, wengine wakichanganya na juisi ya ndizi au maji ya sukari, na mnunuzi akirudi kulalamika hamkuti mtu. Basi akaletwa Masisi agronomu mmoja, bwana shamba wa serikali, Mzungu mrefu na mkimya. Kila chupa aliyopewa aliiinua juani, akafumba jicho moja, akaizungusha. Watu wakamwita Bwana Chupa, naye akajua na hakukasirika. Alipita kijiji kwa kijiji pamoja na karani wake na kutangaza: anayetaka kuuza asali achukue permi, karatasi ya ruhusa. Awe na kibanda safi cha kuchujia, kisicho na mifugo wala moshi wa jikoni. Chupa ziwe za kioo cheupe. Na juu ya kila chupa kuwe na etiketi inayosema asali ni ya nani, imetoka wapi, na ni ya msimu gani. Neno "safi" lisiandikwe kama ndani kuna kitu kingine.

Wengi walinung'unika. Mama Veronika hakunung'unika. Alisema ni haki mtu ajue anakula cha nani. Tukajenga kibanda, tukapaka chokaa. Bwana Chupa akaja, akakiangalia, akasema ni kizuri. Ndipo karani akafungua karatasi na kuuliza jina la mume wa mama huyu. Akaambiwa amekufa. Akauliza basi mwanaume wa nyumba hii ni nani.

Permi haikuandikwa kwa jina la mwanamke. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ikaandikwa jina la Anselme, mume wangu, ambaye wakati huo hakuwapo hata nyumbani. Alikuwa Walikale, anafanya kazi katika mgodi wa bati. Etiketi zikachapwa kwa mapadri pale Masisi: "Asali safi ya Muheto", na chini yake jina la Anselme. Mume wangu, mtu aliyeogopa nyuki toka utoto wake hata akawa anapita nyuma ya nyumba kwa mbali, akawa ndiye mwenye asali. Sisi wanawake wawili tuliona ni jambo la kuchekesha, tukaendelea na kazi.

Asali ile ilipata jina. Juu huku kuna baridi, na asali ya maua ya milima yetu inaganda, inakuwa nyeupe kama mafuta ya ng'ombe. Mwanzoni wageni walidhani tumeweka sukari. Tuliwaambia waweke chupa juani, na baadaye wakaja wakiitaka vile vile ilivyoganda. Mfanyabiashara mmoja wa Goma alianza kuchukua yote tuliyokuwa nayo.

Kisha Anselme akarudi kutoka mgodini. Alirudi na kifua kibaya, amekonda, anakohoa akipanda hata kilima kidogo. Kule Walikale alilala mgonjwa wiki nyingi katika nyumba ya mzee mmoja wa msituni, Papa Isidori, aliyekuwa mvunaji wa asali ya porini. Huyo mzee alimlisha, akamtunza, akampa madebe ya asali yake aje nayo. Mgodi haukumtaka tena. Akakaa nyumbani, mwanaume kijana asiyeweza kubeba wala kulima, akiangalia mama yake na mke wake wakifanya kazi chini ya jina lake. Naona sasa jinsi ilivyomuumiza. Wakati ule niliona tu kwamba hasemi.

Mwaka huo mvua ilizidi. Maua yaliharibika, nyuki walikaa ndani, na mizinga ilikuwa myepesi. Mfanyabiashara wa Goma alikuwa amewaahidi watu wa hoteli asali ya Muheto. Mimi nilikuwa nimekwenda kwetu kujifungua mtoto wangu wa kwanza, na Mama Veronika alikuja kunitunza. Anselme akabaki peke yake na kibanda, na madebe ya Papa Isidori, na rundo la etiketi.

Tulirudi Muheto na mtoto, tukakuta chupa zimekwenda Goma na nyingine zimeuzwa njiani. Anselme alisema ameuza kidogo kilichokuwapo. Sisi tulifurahi kwamba amefanya kazi.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alitujia Papa Karoli, mfugaji wa ng'ombe wa upande wa Mushaki. Alikuwa mtu wa heshima, na kwa miaka alibadilishana nasi maziwa kwa asali. Alimsalimu Mama Veronika, akauliza habari za mtoto, akauliza habari za nyuki. Akasubiri watu wapite. Kisha akasema, "Mama Anselme, usinikasirikie. Ile asali ya safari hii haigande."

Mama Veronika akauliza imekuwa siku ngapi kwenye rafu.

"Siku mingi, na baridi unaijua. Iko nyeusi, inatiririka kama maji. Na kwa ulimi inachoma kidogo. Haiko mubaya. Lakini haiko ya kwako, na jina ya nyumba yako iko juu."

Mama Veronika alimshukuru. Alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kibandani, akachukua chupa moja iliyobaki, akaiinamisha, akaitazama asali ikikimbia upande hadi upande. Akamwita Anselme.

Mume wangu hakukana. Alisema ni asali ya Papa Isidori, amechanganya na ile kidogo ya kwetu. Alisema si maji ya sukari, si ndizi, ni asali ya nyuki, imevunwa na mtu mwema aliyemwokoa asife. Asali ni asali. Tena alisema kitu ambacho nilimwonea huruma: kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu arudi ambapo ameleta kitu katika nyumba hii.

Mama Veronika alikaa kwenye kigoda. Nilifikiri atapiga kelele. Alisema, "Asali yake iko muzuri. Njo maana unamuibia."

Anselme hakuelewa, hata mimi sikuelewa mara moja. Akatueleza. Yule mzee alipanda miti mirefu ya Walikale kwa kamba, akavumilia nyuki, na watu wa Goma wanakula asali yake wakisifu Muheto. Na siku mmoja wao akisema Muheto wameharibika, wanasema uongo, ni nani atakayejibu? Akamwambia kwamba asubuhi wanakwenda Masisi, kwa Bwana Chupa.

Anselme akamkumbusha kwamba kuandika uongo kwenye etiketi ya serikali kuna gereza. Kwa kifua kile, gereza lilikuwa kaburi, na sote watatu tulilijua hilo. Mama yake akajibu kwamba anajua. Wakinaswa Goma gereza ni hakika, alisema; wakienda wenyewe, labda. Lakini permi ni ya Anselme, hawezi kumlazimisha.

Usiku ule sikumwomba mume wangu aende wala asiende. Nilimnyonyesha mtoto. Asubuhi nilimwona anavaa shati lake la misa, na nikafunga viazi vitamu kwenye nguo, nikambeba mtoto mgongoni, nikawafuata.

Pale Masisi tulingoja barazani hadi jua likawa kali. Tulipoingia, Mama Veronika aliweka chupa juu ya meza na kuanza kueleza. Karani akamkatiza kwa adabu. Bwana anaongea na mwenye permi. Mwenye permi ni nani?

Mama Veronika akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa amefanya kila alichoweza kufanya. Kilichobaki hakikuwa chake. Nilimtazama akishika kona ya kitenge chake. Bwana Chupa akainua chupa kwenye dirisha, akafumba jicho, akaizungusha. Karani akamtafsiria Anselme swali: asali hii ni ya Muheto?

Anselme alikohoa kwanza. Kikohozi kilikuwa kirefu, na sote tulingoja kiishe.

"Hapana," akasema. "Iko ya Walikale. Niliichanganya mimi, mama hakujua, na muke wangu hakujua. Mutu mwenye aliivuna njo Papa Isidori."

Bwana Chupa aliuliza ziko wapi nyingine. Anselme akamwambia zote zilipo. Yule Mzungu aliandika kitu, akafuta, akaandika tena. Mwishoni alisema kwamba kama angezikamata yeye, angempeleka mbele ya hakimu. Kwa kuwa wamekuja kwa miguu yao, permi inafungwa hadi msimu mwingine wa maua, na Anselme mwenyewe aende atoe etiketi kwenye kila chupa ambayo haijaliwa.

Nilikuwa nimeshageuka kutoka nje, nikimshukuru Mungu. Mama Veronika hakugeuka. Alimwambia karani kwamba ana ombi moja. Haombi permi, maana ameshaambiwa si ya wanawake. Anaomba jina. Kwenye etiketi imeandikwa ni ya nani na imetoka wapi, lakini haikuandikwa nani ameichuja. Asali ikiwa na uchafu, anayepaswa kuulizwa ni yeye. Basi wamwandike, ili wajue pa kumpata.

Karani alitafsiri. Bwana Chupa akaweka kalamu chini. Akajibu kwamba hana ruhusa ya kubadili etiketi, ila atawauliza wakubwa wake. Tulijua jibu la namna hiyo maana yake nini, tukaaga.

Anselme alikwenda Goma kwa kamyo. Alikaa nyuma ya duka la yule mfanyabiashara na beseni la maji, akibandua etiketi kwa kucha. Gundi ya pilipili ilimchoma vidole na macho, naye akarudi amevimba uso. Kwenye kila chupa alibandika karatasi aliyoandika kwa mkono: "Asali ya msitu, Walikale, mvunaji Isidori." Mfanyabiashara alimtukana siku ile, lakini hakumrudishia chupa. Baadaye kidogo alituma mtu kuuliza kama huyo Isidori ana nyingine. Wako watu waliopenda ile nyeusi kuliko yetu. Anselme akapata kazi yake: kwenda na kurudi Walikale kwa kamyo, kuleta asali ya msituni chini ya jina la mwenyewe. Haikuhitaji kifua chenye nguvu. Ilihitaji mtu mwaminifu, na Papa Isidori alimwamini.

Ndiyo maana nasema mheshimu etiketi, wajukuu. Chupa ikifika mezani kwa mtu, ninyi hampo kumweleza chochote. Ile karatasi ndiyo inayosema kwa niaba yenu. Na msiandike neno "safi" kama mko na wasiwasi hata kidogo. Acheni nafasi wazi, hakuna anayekufa kwa nafasi wazi.

Msimu mpya permi ilifunguliwa. Anselme alirudi kutoka Masisi na bunda la etiketi zinazonukia wino. Mama Veronika hakujua kusoma, alinipa moja na kuniuliza imeandikwa nini. Nikamsomea: Asali safi ya Muheto. Jina la Anselme. Na chini yake, kwa herufi ndogo: Imechujwa na Veronika.

Aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaomba nimwonyeshe kwa kidole neno hilo liko wapi, akaliangalia kwa karibu, kisha kwa mbali. Hakulia wala hakucheka. Akaniuliza, "Na ya kwako iko wapi?"

Nikasema langu halipo.

"Nani anaosha chupa? Nani anapika gundi?"

Anselme akasema karatasi imejaa, haina nafasi, na hawezi kurudi Masisi tena kwa jambo hilo. Mama Veronika akachukua etiketi, akaigeuza. Nyuma ilikuwa nyeupe tupu. Akamwuliza Anselme kama sheria inasema kitu kuhusu upande huu. Anselme akafikiri, akasema hapana.

Basi nikachukua kalamu ya risasi. Nyuma ya kila etiketi niliandika jina langu la ubatizo, nikapaka gundi juu yake, nikabandika. Asali yetu ilikuwa nyeupe na nzito, ilifunika kila kitu, na hakuna mkaguzi aliyeona lolote. Mtu alipaswa kwanza kuila yote.

Pale Muheto wakati ule watu waliniita muke wa Anselme, na baadaye Mama wa mtoto. Nilikuwa nimezoea. Kabla msimu haujaisha, mke wa Papa Karoli aliteremka kutoka upande wa Mushaki na chupa tupu ndani ya kikapu, nimjazie nyingine. Nilikuwa nimeinama juu ya beseni, nimeipa njia mgongo, nikasikia sauti yake.

"Jambo, Perpetua," akasema.